Hoja za Mahatibu wa Athens
Katika Athens ya karne ya nne kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, mshtakiwa alilazimika kujitetea kwa ulimi wake mwenyewe mbele ya raia waliochaguliwa kwa bahati nasibu kuwa mahakimu, ambao katika kesi kubwa walifika 501 na zaidi, huku saa ya maji ikimpimia muda wa kusema. Na ndizo zama alizoandika Aristotle kitabu chake juu ya fani ya uhatibu.

Humo alibainisha kwamba hatibu huthibitisha neno ama kwa kuteremka kutoka kanuni iliyokwisha kukubaliwa, ama kwa kupanda kutoka mifano ya yaliyopita. Njia ya kwanza, ambayo kwangu ndiyo yenye ustadi zaidi, huacha bila kutamkwa lile linalojulikana: yatosha kunena kuwa Dorieus ameshinda Olympia, wala hapana haja ya kutaja taji, maana kila Mgiriki aliijua tuzo hiyo, na msikilizaji aikamilishaye hoja moyoni mwake huiona kuwa ni yake. Kwa njia ya pili alimtaja Dionysius aliyeomba walinzi: Peisistratus aliomba vivyo hivyo, na Theagenes wa Megara pia, nao walipopewa wakawa watawala wa mabavu, basi na huyu anakusudia hayo hayo. Mifano miwili ni michache mno kwa mwenye kutafuta yakini, lakini kwa umma wenye hofu yashawishi.

Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kiarabu, kikasherehewa na Al-Farabi, kisha na Ibn Rushd wa Kurtuba (1126–1198), ambaye mwenyewe alikuwa kadhi.