Kuzimu Bila Mizuka: Mchapishaji Mdogo na Hofu katika Riwaya Pendwa

Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ilichapishwa mwaka 1965 na shirika la umma la Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1980, uhaba wa karatasi na wa fedha za kigeni uliyadhoofisha mashirika ya namna hiyo, na baadhi ya waandishi wakajichapishia wenyewe. Mmoja wao alikuwa Ben Mtobwa (aliyefariki mwaka 2008), mwasisi wa Heko Publishers, Dar es Salaam.

Swali la kujiuliza ni hili: mchapishaji huyo aliuza hofu gani? Jina la riwaya yake, Salamu Toka Kuzimu, huahidi wafu, ilhali wanaoua humo ni binadamu, na mpelelezi Joram Kiango hupambana nao kwa akili. Katika miaka ya 2000, Mussa Banzi aliitia mizuka katika filamu za video kama Nsyuka na Shumileta. Filamu za aina hiyo zilitazamwa katika mabanda ya video ya Temeke na Kinondoni.

Kwa hiyo, mtafiti anayeanzia kwenye video huikuta hadithi katikati. Mwanzo wake umo katika vijitabu vya karatasi duni, ambavyo visipokusanywa vitaoza pamoja na ushahidi wake.