Kampuni ya Watu 14

King ndiye mkuu wa kampuni. Mshahara wake 5,000. Smith, karani aliyeajiriwa Desemba 1980, anapata 800 na hadi leo hajaongezwa hata senti. Wafanyakazi ni 14, idara nne, na bidhaa hakuna. Kampuni yenyewe ni majedwali mawili tu, EMP na DEPT, ambayo Oracle iliyaambatanisha na programu yake ili watu wapate pa kujifunzia kanzidata.

Nadharia ilishatangulia. Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alipendekeza data ipangwe kwenye majedwali, na mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa IBM pia, wakatoa lugha ya kuyauliza, ile ambayo sasa ni SQL. Lakini anayeanza hahitaji nadharia kwanza. Anahitaji data ndogo, ambayo akipewa jibu anaweza kulihakiki kwa kidole.

Na waliotunga EMP walikuwa wajanja. Idara ya OPERATIONS, iliyoko Boston, haina mtu hata mmoja. Mwanafunzi akiyaunganisha majedwali hayo kwa njia ya kawaida, Boston inapotea bila onyo lolote. Hapo ndipo anapoelewa kwa nini kuna zaidi ya njia moja ya kuunganisha. Kisanduku cha bosi wa King nacho kiko tupu. Tupu, si sifuri: tofauti hiyo imewatoa wengi jasho.

Kuingia kwenye kanzidata hiyo ya Oracle, mtu aliandika SCOTT, neno la siri TIGER. Bruce Scott alikuwa miongoni mwa waajiriwa wa mwanzo wa Oracle. Tiger, paka wa binti yake. Paka huyo akajulikana dunia nzima, kwa wadukuzi pia, hata baadaye akaunti ikawa inakuja imefungwa.

Intaneti iliondoa kikwazo cha kutafuta programu na mashine ya kuiendesha. Kwenye SQLZoo, tovuti ya Andrew Cumming wa Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier, mtu huuliza ndani ya kivinjari kuhusu nchi za dunia au washindi wa Nobel, na jibu likaja papo hapo.

Oktoba 2011 Jennifer Widom wa Stanford, aliyezoea darasa la watu kama mia, alifungua kozi yake ya kanzidata bure mtandaoni. Walijiandikisha zaidi ya 60,000. Nani angesahihisha? Kompyuta iliendesha kila swali la SQL na kulinganisha matokeo, kwa hiyo wawili walioandika tofauti kabisa waliweza kupata alama zilezile.