Ubashiri wa mtazamo katika video ya nyuzi 360

Ubashiri wa mtazamo ni mbinu ya kukisia mapema mtazamaji wa video ya nyuzi 360 atageuzia kichwa upande gani. Video hiyo hunasa pande zote kwa pamoja, lakini aliyevaa miwani ya uhalisia pepe hazioni zote. Dirisha analoliona, likiwa la nyuzi 90 kwa 90, ni sehemu ya sita tu ya tufe zima. Tano zilizobaki hupakuliwa, hula bando, na hakuna anayeziona. Picha ya 4K, yenye pikseli 3,840 kwa mzunguko, humbakishia mtazamaji pikseli 960 hivi mbele ya macho. Ndiyo sababu video hizi, zilizoenea baada ya YouTube kuzipokea Machi 2015, mara nyingi huonekana hafifu hata mtandao ukiwa na kasi.

Ufumbuzi uliozoeleka ni kuikata picha vipande kama vigae, kila kimoja kikiwa na viwango kadhaa vya ubora. Vilivyo mbele ya macho huletwa vikiwa safi, vya kisogoni hafifu. Taabu ni kwamba vipande huagizwa na kuwekwa akiba sekunde kadhaa kabla ya kuonyeshwa, na shingo hugeuka kufumba na kufumbua. Bila kukisia, mtazamaji anageuka na kukuta ukungu.

Kwa muda mfupi, kazi ni nyepesi: kichwa kina uzito, hivyo huendelea kilikokuwa kikielekea. Zaidi ya hapo inabidi kuitazama video yenyewe. Nyuso na vitu vinavyotembea huvuta macho. Wengi hung'ang'ania usawa wa upeo, wachache huangalia angani au miguuni. Gari likienda mbio, karibu wote hutazama mbele. Sokoni kila mtu ana lake. Kumbukumbu za waliotazama awali nazo husaidia, ila video mpya haina kumbukumbu.

Mitandao ya neva, yaani mifumo ya kompyuta inayojifunza kutokana na mifano, ilitarajiwa kumaliza ubishi. Mwaka 2020 watafiti wa Université Côte d'Azur, Ufaransa, waliipima mifumo kadhaa iliyokwisha kuchapishwa dhidi ya kisio la kivivu kabisa, kwamba kichwa hakitasogea. Mifumo hiyo haikulishinda. Ni aibu yenye faida: ilibainika kwamba katika sekunde mbili au tatu za mwanzo mwendo wa kichwa ndio unaotawala, na yaliyomo kwenye video huanza kuwa na uzito baadaye. Mfumo unaochanganya yote mawili tangu mwanzo hujivuruga.

Ubashiri huu haupatikani bila kurekodi miondoko ya kichwa, na rekodi hizo si data za kupuuzwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa 2020 ulihusisha watu 511 waliotazama video za nyuzi 360. Kwa miondoko isiyofika dakika tano, kompyuta iliwatambua kwa usahihi wa asilimia 95, bila majina wala sura zao.