Jina, Hifadhi na Marudio: Filamu Nyeusi na Ushairi wa Pwani ya Kismayu

1.0 Utangulizi

Tarehe 4 Machi 2024 Somalia ilikamilisha taratibu za kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hatua hiyo, ni rahisi wapangaji wa sera wakakichukulia Kiswahili nchini humo kuwa lugha ngeni, inayoingia kutoka kusini pamoja na bidhaa na walimu. Historia inasema vingine. Kuanzia Kismayu kuelekea mpaka wa Kenya, visiwa vya Koyama, Chovai na Chula ni makazi ya kale ya Wabajuni, ambao lahaja yao, Kibajuni au Kitikuu, ni miongoni mwa lahaja za kaskazini za Kiswahili. Mbele zaidi, mjini Barawa, husemwa Chimiini. Lahaja zote mbili zina ushairi wake.

Hata hivyo, ushairi wa Barawa umekwisha kupata nafasi katika maktaba za dunia, ilhali ule wa Wabajuni wa Somalia ungali umetawanyika. Makala haya yanauliza sababu. Hoja yetu ni kwamba sanaa haiwi ya kiklasiki kwa ubora wake peke yake. Hufanywa hivyo kwa mambo matatu: kupewa jina, kuhifadhiwa, na kurudiwa mbele ya hadhira mpya. Ili kuionyesha hoja hiyo tunaanza mbali na pwani yetu, kwa mfano ambao hatua zake zinajulikana vizuri: filamu za Marekani za miaka ya 1940 ambazo leo hupendwa na wengi, wakiwamo washairi na waandishi wa riwaya.

2.0 Filamu zilizopewa jina na wageni

Mwaka 1941 John Huston alitoa The Maltese Falcon. Mwaka 1944 zikafuata Double Indemnity ya Billy Wilder na Laura ya Otto Preminger. Zilikuwa hadithi za uhalifu, tamaa na usaliti, zilizopigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, zenye vivuli vizito na barabara za usiku. Waliozitengeneza hawakujua kwamba wanaunda utanzu mmoja. Kwao zilikuwa filamu za upelelezi au tamthilia za mapenzi na mauaji.

Jina lilitoka Ufaransa. Wakati wa utawala wa Wajerumani, filamu mpya za Marekani hazikuonyeshwa Paris. Vita vilipokwisha, kadhaa zilifika kwa mkupuo katika mwaka 1946, na wahakiki wakaona kufanana ambako mtazamaji wa Marekani, aliyezipata moja moja kwa miaka, hakukuona. Mwezi wa Agosti mwaka huo mhakiki Nino Frank aliziita film noir, yaani filamu nyeusi. Mwaka 1955 Raymond Borde na Étienne Chaumeton wakachapisha kitabu kizima juu yake. Baadaye hifadhi za filamu, vyuo vikuu na televisheni vikazirudia mbele ya vizazi ambavyo havikuwapo zilipotengenezwa.

Jambo jingine linatuhusu zaidi. Baadhi ya mabingwa wa filamu hizo walikuwa wakimbizi. Wilder, Fritz Lang na Robert Siodmak waliondoka Ujerumani baada ya Wanazi kushika madaraka. Uhamishoni hakukuua sanaa yao, kwa kuwa walikuta vyombo vya kuitendea kazi na vya kuihifadhi.

3.0 Barawa: hatua zilizokamilika

Hatua hizo tatu zinaonekana pia Barawa. Dada Masiti, jina lake kamili Mana Sitti Habib Jamaluddin, alifariki mwaka 1919 akiwa ameacha tungo za kidini katika Chimiini. Yeye, Sheikh Qasim Muhyidin na watunzi wengine walisomwa na kughaniwa mjini mwao kwa muda mrefu bila ya kujulikana sana nje. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyopamba moto mwaka 1991 viliwatawanya wenyeji, na lahaja yenyewe ikawa hatarini.

Mwaka 2004 Charles Kisseberth na Mohammad Imam Abasheikh walichapisha msamiati mpana wa Chimiini. Mwaka 2018 Alessandra Vianello, Lidwien Kapteijns na Mohamed Kassim wakatoa, kupitia shirika la Brill, mkusanyo wa ushairi wa kidini wa Barawa wa takriban 1890 hadi 1975. Hivyo mshairi aliyefariki karne moja nyuma amepata chapisho jipya. Jina lipo, matini ipo, na msomaji wa kesho ana pa kuanzia.

4.0 Wabajuni: sauti zisizokusanywa

Kwa Wabajuni, kumbukumbu zipo lakini hazijakutana. J. A. G. Elliot aliandika juu ya visiwa hivyo katika miaka ya 1920, wakati ambapo Uingereza iliikabidhi Italia eneo la Jubaland mwaka 1925. Vinigi Grottanelli alichapisha kwa Kiitaliano, mwaka 1955, kitabu chake kuhusu wavuvi wa Bahari ya Hindi. Derek Nurse amekusanya msamiati na maelezo ya sarufi. Yahya Ali Omar na Kevin Donnelly walichunguza muundo wa nyimbo za wavuvi wa Kibajuni.

Utanzu wenyewe una majina yake ya asili. Vave huimbwa na wakulima kabla ya kuchoma msitu waliokwisha kuufyeka. Kimai ni cha watu wa bahari. Hatuhitaji mgeni wa kutupa jina. Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu (1927–2017), mshairi na mlezi wa lahaja za kaskazini, alionyesha nguvu ya kuunda majina kutoka ndani ya lugha alipounganisha rununu na maninga akapata runinga, neno ambalo leo limeenea. Kinachokosekana ni hatua ya pili na ya tatu. Nyimbo za upande wa Kenya zimepata watafiti. Za Koyama, Chovai na Chula hazina mkusanyo mmoja unaoweza kulinganishwa na ule wa Barawa.

Hapa mlinganisho wetu una mpaka. Filamu ina nakala. Ikisahauliwa miaka kumi, mkanda hungoja. Wimbo wa vave haungoji. Mwimbaji akifariki bila ya kurekodiwa, pamoja naye huondoka mpangilio wa beti, msamiati wa miti na upepo, na namna ya kupokezana sauti.

5.0 Pale lahaja inapokuwa ushahidi

Hasara hii si ya maktaba tu. Wabajuni waliokimbia vita walifika Kenya, na baadhi yao Uingereza, ambako maombi ya hifadhi yalipimwa kwa lugha. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi wa mwongozo uliohusu uwezo wa Mbajuni kusema Kibajuni. Mwaka huohuo kundi la wanaisimu wa kimataifa lilitoa miongozo likikumbusha kwamba lugha huonyesha mahali mtu alipolelewa, wala haithibitishi uraia. Mtoto aliyelelewa kambini miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili cha Kenya huzungumza kama wenziwe. Pasipo rekodi pana za visiwani, za wazee na vijana, mchambuzi hana kipimo cha haki, na mwombaji hana shahidi.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ikishirikiana na taasisi za Somalia, ianzishe mkusanyo wa ushairi wa Wabajuni wa Kismayu na visiwani, wakiwamo walioko uhamishoni, kwa ridhaa yao na kwa kutaja majina ya watunzi wanaopenda kutajwa. Pili, rekodi ziwekwe katika nakala zaidi ya moja, katika nchi zaidi ya moja, kwani pwani hii imekwisha kuonyesha jinsi vita vinavyoweza kutawanya watu pamoja na kumbukumbu zao. Tatu, matini zirudi kwa wenyewe: katika redio, katika vitabu vya shule na katika mihadhara kama hii.

Somalia haijapokea Kiswahili mwaka 2024. Ilikuwa nacho. Sera itakayoanza na ukweli huo itawatuma walimu wa Kiswahili Kismayu wakiwa tayari pia kusikiliza, na itawakuta huko wenye lugha.