FEAST, Jaribio la

Jaribio la FEAST ni utafiti wa tiba uliofanywa katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, miongoni mwao ile ya Kilifi, kuanzia 2009 hadi 2011, kwa kusudi la kupima ada iliyofuatwa na matabibu kwa miaka mingi pasipo ithibati ya kutosha: kumtilia mshipani maji mengi kwa haraka mtoto mwenye homa kali ambaye mzunguko wake wa damu umedhoofu.

Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura mafungu matatu, mawili yakipewa dripu ya haraka, moja ya maji ya chumvi na jingine ya albumini (protini ya damu), na la tatu likipewa polepole kiasi cha haja ya mwili tu. Wenye maradhi ya kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa. Kinyume cha matarajio, katika saa 48 za awali walifariki takriban asilimia 10.5 ya waliopewa dripu ya haraka, ilhali katika fungu la tatu walifariki asilimia 7.3, hata jaribio likasimamishwa kabla ya idadi iliyokusudiwa kutimia.

Matokeo yalichapishwa 2011 na jopo la watafiti lililoongozwa na Kathryn Maitland. Na katika mwongozo wa 2016 Shirika la Afya Duniani likaagiza kwamba mtoto asiye na dalili zote za mshtuko, yaani kudhoofu mno kwa mzunguko wa damu, asipewe dripu ya haraka.