Mpira wa mkojo baada ya upasuaji: wa lateksi au wa silikoni?

Mgonjwa anasubiri upasuaji, na jamaa yake ametumwa duka la dawa akanunue mpira wa mkojo, yaani katheta. Muuzaji anamuuliza: wa lateksi au wa silikoni? Bei ni tofauti na hakuna aliyemweleza kitu.

Wa lateksi una rangi ya manjano au kahawia. Hutokana na utomvu wa mti wa mpira, na mara nyingi hupakwa silikoni au Teflon ili usikwaruze njia ya mkojo. Ni laini na ni wa bei nafuu. Wa silikoni tupu ni mweupe wa kuonekana ndani, na ukuta wake ni mwembamba. Kwa hivyo mipira miwili ya namba moja, tuseme 16, ambayo ni kama milimita 5 kwa upana, wa silikoni huwa na tundu kubwa zaidi na hauzibi upesi.

Kuna pia uliopakwa madini ya fedha, unaosifiwa kuzuia maambukizi. Uingereza waliujaribu katika utafiti wa wagonjwa zaidi ya 7,000, matokeo yakatoka mwaka 2012. Walioambukizwa walikuwa asilimia 12.5; kwa mpira wa kawaida wenye Teflon, asilimia 12.6. Kwa siku mbili tatu, basi, sioni sababu ya kulipia fedha, na lateksi yatosha.

Isipokuwa kwa mtu mwenye mzio. Ikiwa mgonjwa huwashwa au huvimba akivaa glavu za mpira au akipuliza baluni, au alizaliwa na mgongo wazi na amepasuliwa mara nyingi, mwambieni daktari mapema kabla ya upasuaji. Huyo lateksi yaweza kumuua. Na tahadhari hapa: lateksi iliyopakwa silikoni bado ni lateksi. Soma pakiti, iwe imeandikwa silikoni asilimia 100.

Kinacholeta maambukizi zaidi ni siku. Kila siku mpira unapobaki ndani, hatari huongezeka, hata uwe wa bei gani. Wagonjwa wengi hutolewa ndani ya saa 24 baada ya upasuaji, ingawa wa tezi dume au kibofu huhitaji muda zaidi. Muulizeni daktari au muuguzi kila asubuhi: utatolewa leo? Msiuvute wenyewe, maana ndani ya kibofu kuna baluni iliyojazwa maji, na lazima yafyonzwe kwanza kwa sirinji.