Kodi, Kibali na Hereni: Ng'ombe wa Iramba Mbele ya Serikali

Mji wa Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, uko katika nchi ya Wanyiramba, wakulima wa mtama na uwele ambao pia ni wafugaji, na ambao mbuga ya Wembere, iliyo chini ya miinuko yao, imekuwa malisho yao na ya majirani zao Wasukuma.

Serikali ya kikoloni haikuanza kwa kumtoza ng'ombe. Amri ya Wajerumani ya 1897, iliyotekelezwa kuanzia 1898, iliweka kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba ya kijijini, na kwa kuwa fedha taslimu zilikuwa adimu mbali na pwani, mwenye mifugo alilazimika kuuza mnyama ili aipate. Waingereza waliendeleza mzigo huo kwa sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa ya 1922. Mnada, yaani soko la mifugo la siku maalumu lenye msimamizi na mtoza ushuru, ndipo ng'ombe alipogeuka kodi. Na baada ya 1947 kampuni ya Tanganyika Packers, yenye kiwanda cha nyama ya makopo Kawe, Dar es Salaam, ikawa miongoni mwa wanunuzi wakubwa.

Mnada ulipendwa na watawala kwa sababu iliyo wazi. Ng'ombe aliye zizini ni vigumu kumhesabu, hasa pale ambapo mali ya mtu mmoja hugawanywa katika mazizi ya ndugu na rafiki, lakini anayeuzwa au kuswagwa hana budi kupita mbele ya macho ya ofisa. Kwa hiyo tozo nyingi zimewekwa njiani. Hata leo muuzaji huanza kwa barua ya mtendaji wa kijiji inayothibitisha umiliki, hulipa ushuru mnadani, na ng'ombe hasafirishwi bila kibali cha daktari wa mifugo. Kibali hicho kina manufaa ya kweli, kwa kuwa homa ya mapafu ya ng'ombe husambaa na mifugo inayohama.

Halmashauri za wilaya, zilizovunjwa 1972 na kurejeshwa kwa sheria za 1982, zilirudi na mamlaka ya kutoza. Kodi ya maendeleo, iliyomlenga kila mtu mzima, ilifutwa 2003, lakini ushuru wa mnada ulibaki. Kisha Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya 2010 ilifungua njia ya kumfikia ng'ombe hata zizini: hereni za kielektroniki zilipoanza kuvishwa, bei ilikuwa shilingi 1,750 kwa ng'ombe na 1,000 kwa mbuzi au kondoo, maana yake mwenye ng'ombe 100 alitakiwa kutoa shilingi 175,000 kabla ya kuuza hata mmoja.

Malalamiko ya wafugaji kuhusu gharama hizo yana msingi, kwa sababu tozo hukusanywa kwa bidii kuliko majosho yanavyokarabatiwa. Halmashauri ibandike mnadani hesabu ya ushuru uliokusanywa na kiasi kilichorudi kwenye josho, malambo na chanjo, ili mfugaji aisome kabla ya kulipa.